Kitambaa cha Kijani: Kosa Lisitafutwe Kwenye Mashine

Watu wa mwambao hatukuhitaji kufunzwa na sinema kwamba zulia laweza kuruka. Hekaya za Alfu Lela Ulela tulizisikia kwa bibi zetu kabla hatujajua kusoma: jini akitoka chupani akawa mkubwa kama mlima, farasi akapaa juu ya madari ya mji, mwizi maskini akamshinda waziri dhalimu. Lakini kusikia ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Waliotaka kutuonyesha kwa macho yale ambayo bibi alituonyesha kwa maneno matupu walijikuta na kazi nzito mbele yao. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuizungumze kazi hiyo ya kutia picha ndani ya picha. Imetoka katika studio kubwa za ng'ambo ikaingia katika vyumba vidogo vya vijana wetu hapa Mombasa, na imeingia na matatizo yake yote.

Siku hizi hakuna harusi, kasida wala tangazo la duka lisilopitia mikononi mwa vijana hao. Wanatundika kitambaa cha kijani ukutani, wanamsimamisha mtu mbele yake, kisha kompyuta inakifuta kile kijani na kumweka mtu huyo popote watakapo: ufuoni, bustanini, au mbele ya majumba ya Dubai. Kazi ikitoka sawa, mtazamaji hana habari. Ikienda mrama, mtu huonekana kama aliyekatwa kwa makasi butu akabandikwa kwa gundi. Hapo ndipo usikiapo kilio kile kile: "Programu imeharibika!"

Mimi nasema, na nitajaribu kuonyesha, kwamba mara nyingi programu haina hatia.

JINI NA PAZIA LA BULUU

Mambo haya si mageni. Mwaka 1898 karibu na Paris, bwana mmoja mfanya mazingaombwe, jina lake Georges Méliès, alitengeneza filamu fupi ambamo anakiondoa kichwa chake na kukiweka mezani, kisha kingine kinaota mahali pake, mpaka vichwa vikawa vinne. Siri yake ilikuwa kitambaa cheusi. Nyeusi haiachi alama katika filamu, kwa hivyo aliweza kuirudisha nyuma filamu ile ile na kupiga picha nyingine mahali palipobaki patupu.

Hila hiyo ilitosha kwa kichwa mezani, lakini haikutosha kwa jini. Mwaka 1940 ilipotoka The Thief of Bagdad, filamu ya Alexander Korda iliyoanzwa Uingereza na kumalizwa Marekani kwa sababu ya vita, watu waliona kwa rangi kamili jini akimtokea kijana Abu ufuoni, na zulia likiruka juu ya mji. Abu aliigizwa na Sabu, kijana wa Kihindi, na jini akaigizwa na Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Fundi wa mazingaombwe hayo alikuwa Lawrence Butler, naye alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Butler alitumia pazia la buluu. Ngozi ya mwanadamu, awe mweupe au mweusi, ina wekundu mwingi na buluu haba, basi buluu ndiyo rangi iliyo mbali naye zaidi. Kamera za Technicolor za siku hizo zilikuwa zikipiga filamu tatu kwa pamoja, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kwa kuzilinganisha, fundi aliweza kujua mtu anaishia wapi na pazia linaanzia wapi, akalikata umbo la mtu na kulipachika katika picha nyingine. Hata hivyo palibaki dosari. Ukingo wa mtu ulikuwa na mstari wa buluu, na vitu vyepesi kama moshi, nywele na kioo vilipotea au vikakauka kama ubao.

Aliyeitatua shida hiyo ni Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani. Katika Ben-Hur ya mwaka 1959 alitumia hesabu mpya. Hakuuliza, "Mahali hapa ni buluu au si buluu?" Aliuliza, "Buluu ya hapa imezizidi rangi nyingine kwa kiasi gani?" Ikizidi sana, ni pazia. Isipozidi, ni mtu. Ikizidi kidogo, ni ukingo wa unywele au moshi, ambao nusu yake ni mtu na nusu ni pazia. Katika Mary Poppins ya mwaka 1964 zikatumika taa za manjano za sodiamu na kamera yenye kioo cha kuigawa nuru, na hata shela nyepesi ya mwanamke ikapita bila kuharibika. Vlahos alifariki mwaka 2013, lakini swali lake la "kwa kiasi gani" lingali katika programu ambazo vijana wetu wanazitumia leo.

Kompyuta nayo ikaleta la kwake. Katika miaka ya 1970 wataalamu Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa New York, waliona kwamba kila kitone cha picha, pamoja na wekundu, ukijani na ubuluu wake, kichukue namba ya nne ya kueleza ni kizito au chepesi kiasi gani. Namba hiyo wakaiita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika kanuni za kuziweka picha za namna hiyo moja juu ya nyingine.

Na kwa nini kijani badala ya buluu? Kwa sababu jicho la kamera za sasa limepangwa kwa mtindo uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970: katika kila vijicho vinne, viwili ni vya kijani, kimoja cha nyekundu na kimoja cha buluu. Kijani basi ndiyo rangi ambayo kamera inaiona kwa usafi zaidi, tena haihitaji taa nyingi kama buluu.

KASIDA ILIYOTOBOKA

Sasa turudi nyumbani. Kijana mmoja mwenye studio Mji wa Kale, ambaye nimemjua tangu akiwa mdogo, alipewa kazi na madrasa moja. Watoto 12 walikuwa wamerekodiwa wakisoma kasida ya dakika nne, na filamu hiyo ilitakiwa kuonyeshwa siku ya Maulidi, Mfungo Sita, ili wazee na wafadhili wachange fedha za kuezeka paa upya. Arbuni alikwisha kuipokea na kuilipia kodi ya chumba. Zilibaki siku tisa. Madrasa ilikuwa imefungwa kwa likizo, watoto wametawanyika kwa jamaa zao Lamu, Malindi na Vanga. Kuwakusanya tena ni muhali.

Alinionyesha kazi yenyewe, nikasikitika. Kanzu nyeupe zilikuwa na ukijani kuanzia magotini hadi chini kama zilizoota kuvu. Watoto walikuwa wamevaa mashali ya kijani begani, na kompyuta iliyafuta mashali yale pamoja na pazia, hata minara ya msikiti wa nyuma ikaonekana kupitia vifuani mwao. Kingo za mikono zilikuwa kama meno ya msumeno. Picha nzima ilikuwa ikitetemeka, mara mtoto ni mzima, mara amemomonyoka. Na kila kofia ilizungukwa na mstari mweusi kama wanja.

"Ami," akaniambia, "programu imeharibika. Nimeifuta na kuiweka tena mara mbili, na ni yale yale."

Mimi si fundi wa mashine. Lakini nilisoma chuoni, na pale mtoto akikosea katikati ya sura, mwalimu wetu hakumwambia arudie aya ile ile mara kumi. Alimrudisha kwenye herufi, maana aliyeikosea herufi ataikosea aya kila aifikiapo. Nikamshauri amtafute mtu wa kumrudisha kwenye herufi. Akamwita mama mmoja aliyehariri picha za televisheni Nairobi kwa miaka mingi, ambaye sasa amerudi nyumbani kupumzika. Nilikaa pembeni siku nzima nikimtazama, na hayo niliyoyaona ndiyo ninayotaka kuwapa wasomaji.

KURUDI KWENYE HERUFI

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzima kila kitu. Madoido yote aliyoyarundika kijana yule, ya kunoa, ya kulainisha, ya kung'arisha, aliyafunga, ikabaki picha mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera. "Usiguse vitu viwili kwa wakati mmoja, mwanangu," alisema. "Ukigusa viwili na picha ikapona, hujui dawa ni ipi. Ikizidi kuugua, hujui sumu ni ipi."

Jambo la pili ni kuitazama ile ramani ya alfa peke yake, bila rangi. Katika ramani hiyo pazia huwa jeusi tititi, mtu huwa mweupe pepe, na ukingo huwa kijivu chembamba. Ramani ya kijana yule ilikuwa na ukungu wa kijivu kila mahali. Ukiona hivyo, wacha kuhangaika na picha ya nyuma. Ugonjwa uko kwenye ramani.

Kisha akayashika makosa moja moja.

Meno ya msumeno. Aliuliza, "Hii picha ilikufikiaje?" Ikajulikana kwamba mpiga picha aliituma kwa programu ya simu ya kutumiana ujumbe. Programu za namna hiyo huikamua picha ili iwe nyepesi kusafiri, na kilicho rahisi kukamuliwa ni rangi, kwa sababu jicho la mtu haligundui upesi. Hata kamera nyingi zenyewe huhifadhi rangi moja kwa kila vitone vinne, na ukikamua juu ya hapo, kijani cha pazia na weupe wa kanzu huchanganyika katika miraba. Mtazamaji wa kawaida haoni, lakini kompyuta inayokata kwa kufuata rangi haina kingine cha kushika. Kwa bahati kadi ya kamera ilikuwa haijafutwa. Ikaletwa, na meno mengi yakaanguka yenyewe.

Mtetemeko. Hili lilinistaajabisha. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo, upesi ambao jicho haliwezi kuukamata. Kamera ilikuwa imewekwa kupiga picha 30 kwa sekunde, na kilango chake kufunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Muda huo unachukua pigo moja la nuru na theluthi mbili. Kwa hivyo picha moja hupata nuru nyingi na nyingine kidogo, na mtindo huo hujirudia kila baada ya picha tatu. Pazia likawa lang'aa na kufifia, na kompyuta iliyoambiwa, "Futa kijani cha aina hii," ikawa inakutana na kijani kingine kila mara. Lau kamera ingepiga picha 25, na kilango kikafunguka kwa sehemu moja ya 50, kila picha ingepata mapigo mawili kamili na mtetemeko usingekuwapo. Yaliyopita yamepita, ilibidi picha itulizwe kwanza kwa chombo cha kusawazisha nuru, ndipo kijani kifutwe. Kijana alikuwa amefanya kinyume chake.

Ukijani wa kanzu. Watoto walisimamishwa hatua moja tu kutoka kwenye kitambaa, wengine wamekikanyaga. Nuru hugonga kitambaa ikarudi na rangi yake, na hakuna nguo inayoipokea kama kanzu nyeupe. Angalau mita mbili au tatu zingeachwa, na kitambaa kikawa na taa zake na mtu na zake. Dawa ya baadaye ni kuiamuru kompyuta kwamba ndani ya umbo la mtu kijani kisizidi nyekundu na buluu. Kanzu zikarudi nyeupe, ila zilipoa kidogo zikaelekea kijivu, ikabidi ziinuliwe tena.

Mashali. Amri hiyo hiyo ingeyaua mashali, na kompyuta haina njia ya kujua kijani cha heshima na kijani cha kufutwa. Rangi hii sisi tunaipenda katika bendera, vilemba na mashali ya Maulidi, basi mpiga picha wa mwambao angepaswa kuuliza nguo kabla ya kuamua pazia. Hapa pazia lilikuwa liwe la buluu. Sasa kila shali likahitaji kuzungushiwa mpaka kwa mkono ili lisiguswe. Dakika nne kwa picha 30 kila sekunde ni picha 7,200, na watoto ni 12. Mtu huchora mpaka katika picha chache, kompyuta ikajaza za kati, lakini lazima kila picha ikaguliwe. Wawili wale walikesha siku tano katika mashali.

Mstari mweusi. Hili peke yake lilikuwa ndani ya programu. Kijana aliwakata watoto katika programu moja, akawahifadhi na kuwafungua katika programu nyingine. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kuzichanganya rangi za ukingo na weusi kwa mujibu wa alfa. Ya pili ikaambiwa kwamba hazijachanganywa, ikauacha weusi ule ubaki. Katika kuifungua picha pana mahali pa kueleza ni ipi kati ya hali hizo mbili. Ikabadilishwa kwa kubonyeza mara moja, na wanja ukatoweka.

Hesabu basi, msomaji: makosa matano. Manne yalizaliwa nje ya kompyuta, katika taa, nguo, nafasi na njia ya kutuma. La tano ni la programu kuambiwa lisilo kweli. Kuifuta na kuiweka tena kusingeponya hata moja.

KIOO CHA SIMU

Mwisho wa filamu palikuwa na picha ya mkono ulioshika simu, ikionyesha namba ya kutumia mchango. Hiyo nayo ilikuwa na mistari mipana inayopanda juu ya kioo. Sababu yake ni jamaa ya ile ya taa: simu nyingi huchora kioo chake mara 60 kwa sekunde au zaidi, na kamera isipoafikiana nayo huikuta katikati ya kuchora. Kwa kuwa ulitakiwa mkono tu, mama yule aliamua ipigwe upya.

Kijana alitaka kuweka kijani king'aavyo kwenye kioo. Mama akamkataza, kwani nuru hiyo ingemiminika vidoleni, na kioo kimulikacho hakionyeshi tena mng'ao wa dirisha wala kivuli cha kidole. Aliizima simu kabisa, akabandika alama ndogo katika pembe nne, akapiga picha kioo kikiwa cheusi. Baadaye kompyuta ikazifuata zile alama nne mkono ulipotikisika, namba ya mchango ikapachikwa kati yake, alama zikafutwa, na ule mng'ao wa kweli ukarudishwa juu ya namba. Nilitazama mara tatu nisijue kwamba simu ile haikuwa ikiwaka. Hakusema siri kubwa, alisema tu, "Kioo bila mng'ao ni karatasi."

NAULI YA MADINA

Lililobaki ni picha ya nyuma. Kijana alikuwa amechagua Msikiti wa Mtume, Madina, wenye kuba la kijani. Ni picha nzuri na nia yake ilikuwa njema. Lakini jua la picha ile lilitoka kushoto, ilhali taa za watoto zilitoka kulia. Jicho la mtazamaji huliona hilo hata kama ulimi hauwezi kulieleza. Husema tu kwamba "hawakukaa". Kijana akapendekeza kuipindua picha ya msikiti, kushoto iwe kulia.

Maalim wa madrasa, aliyekuja siku ile kuangalia kazi imefika wapi, akaruka kitini. "Msikiti wa Mtume haupinduliwi! Hata maandiko yatasomeka kinyume." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hao watakaoona, si watadhani watoto wamepelekwa Madina?"

"Watu wanajua, Maalim," kijana akajibu. "Kila kasida siku hizi hufanywa hivi."

"Wengine wanajua, wengine hawajui. Mimi naomba fedha za paa. Mwenye kutoa ataniuliza, nauli ya watoto kumi na wawili ilitoka wapi? Na nikimjibu kwamba picha si ya kweli, ataniuliza, na paa je?"

Kijana hakuwa na jibu, na mimi pia sikumsaidia, maana niliona Maalim amesema kweli. Ni yule mama aliyeuliza sababu ya watoto kurekodiwa ndani tangu awali. Maalim akaeleza kwamba siku ile ilinyesha, na uani hapakaliki kwa sababu paa linavuja. Basi kesho yake asubuhi wakaenda wakaupiga picha ua ule ule wa madrasa, kamera ikiwekwa kimo kile kile ilichokuwa mbele ya watoto, wakati jua liko kulia. Mabati yenye kutu, ndoo ya kukingia maji, msahafu uliofunikwa kwa nailoni, vyote vikaingia. Watoto wakawekwa mahali wanaposomea kila siku, na mara hii "walikaa".

Kazi haikutoka kamili. Vipande viwili havikufaa, vikaachwa, na kofia ya mtoto wa mwisho kulia ingali ikicheza kidogo mwenye kuangalia sana akiangalia. Lakini ilikuwa tayari usiku wa kuamkia Maulidi. Kabla kasida haijaanza, Maalim alitaka yaandikwe maneno machache kwamba watoto na ua wamepigwa picha siku mbalimbali na kuunganishwa. Kijana aliona haya kuandika hivyo, akihofia kazi yake itadharauliwa. Aliandika, na sikusikia mtu aliyeidharau. Nilimsikia mzee mmoja akiuliza ndoo ile hujaa kwa muda gani.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu sanaa hii ina nguvu kuliko tulivyozoea. Aliyekwenda kutazama The Thief of Bagdad alikata tikiti akijua anakwenda kuona hekaya, na jini halikumdanganya mtu. Lakini picha ya harusi ni kumbukumbu, picha ya mchango ni ombi, na picha ya habari ni ushahidi. Kompyuta za leo zinaweza kubadilisha uso wa mtu na kumtia kinywani maneno ambayo hakuyasema, na zinafanya hivyo bila pazia la rangi yoyote. Kwetu sisi shahidi huulizwa alikuwa wapi na aliona nini. Hatuna budi kuizoeza picha nayo kuulizwa maswali hayo, na kuwazoeza vijana wetu kuyajibu kabla hawajaulizwa. Aliyezoea kutafuta kosa lake kwenye taa na nguo, badala ya kuitupia lawama mashine, hapati tabu kusema, "Hapa niliunganisha."

Kijana alinitaka beti moja ya kubandika ukutani juu ya kompyuta yake. Nikampa hii, na wenye studio wengine wakiitaka, ni yao:

Kitambaa cha kijani, si uchawi nakwambia,
Taa zako zithamini, kazi kabla kuanzia,
Kosa la mwanzo kazini, mwisho huja kuzidia,
Na uwongo wa machoni, usiuze kwa rupia.